Gari la Mwajiri, Kodi ya Mapato na Akiba ya Uzeeni

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa umma na walimu)



Nilipoombwa kuja kuzungumza nanyi juu ya kodi ya mapato, ndugu aliyeniletea ujumbe alinionya kwamba wengi wenu hamna magari ya kazini, na kwa hiyo nisipoteze muda kwa habari za marupurupu ya wakubwa. Nimemsikia, lakini sikumtii. Naona kwamba mtu asiye na gari la mwajiri ana sababu kubwa zaidi ya kujua jinsi gari hilo linavyotozwa kodi kuliko yule anayeliendesha. Anayeliendesha hukatwa fedha zake mwisho wa mwezi na kunyamaza. Asiye nalo ndiye anayepaswa kuuliza kama mzigo wa kodi umegawanywa kwa haki.

Tena, kati yenu wapo watakaopandishwa vyeo kesho na keshokutwa, na wapo wenye watoto na wadogo zao katika makampuni. Siku moja mmoja wao ataambiwa na mwajiri: "Mwaka huu hatutakuongezea mshahara, ila tutakupa gari." Atakuja nyumbani kutaka shauri. Ningependa siku hiyo mwalimu aliyekaa hapa aweze kuchukua kalamu na karatasi na kumfanyia hesabu.

Tuanze na hati ya mshahara. Kila mmoja wetu anaijua. Juu kuna mshahara, chini yake kuna makato: mfuko wa pensheni, kodi inayoandikwa PAYE, bima ya afya, chama cha wafanyakazi, na kwa vijana wetu waliosoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo. Makato hayo yamepangwa kama askari kwenye gwaride, na mtu huyadhania kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Moja kati yake limepewa heshima ambayo mengine hayakupewa. Mchango wa lazima wa pensheni hutolewa kwanza, ndipo kodi ikahesabiwa juu ya kile kilichobaki. Deni la Bodi ya Mikopo linakuumiza vilevile, lakini halikupunguzii kodi hata senti moja.

Sheria inayotuongoza ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1973. Viwango vya kodi ya mshahara tunavyotumia vilianza Julai 2021. Sh. 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi. Kutoka hapo hadi Sh. 520,000 hutozwa asilimia 8. Kutoka 520,000 hadi 760,000 asilimia 20. Kutoka 760,000 hadi 1,000,000 asilimia 25. Na kila shilingi inayozidi 1,000,000 hutozwa asilimia 30. Nawaomba mzikumbuke ngazi hizi, kwa kuwa mambo yote nitakayosema yanapanda na kushuka juu yake.

Chukueni mtumishi wa kima cha chini katika utumishi wa umma, ambaye tangu Julai 2025 mshahara wake ni Sh. 500,000. Mchango wake katika mfuko wa PSSSF ni asilimia 5, yaani Sh. 25,000. Kodi haihesabiwi juu ya 500,000, huhesabiwa juu ya 475,000. Ondoa 270,000 zisizotozwa, zinabaki 205,000, asilimia 8 yake ni Sh. 16,400. Kama mchango usingetangulia, kodi yake ingalikuwa Sh. 18,400. Amepunguziwa Sh. 2,000. Ni fedha ndogo, lakini naomba mkiweke kiasi hiki cha Sh. 16,400 akilini, maana nitakirudia.

Sasa gari.

Sheria inasema kwamba mapato ya ajira si fedha taslimu peke yake. Mwajiri akikupa kitu badala ya fedha, nacho ni pato. Hilo ni jambo la haki kabisa, kwani bila ya hivyo kila kampuni ingewalipa mameneja wake kwa nyumba, magari na karo za watoto, na mshahara ungebaki jina tu. Lakini kitu kisicho fedha hutozwaje kodi? Hapana budi kipewe thamani. Kwa gari ambalo mfanyakazi huruhusiwa kulitumia kwa shughuli zake binafsi, lote au kwa sehemu, sheria yetu imechagua njia nyepesi: haikuuliza bei ya gari, haikuuliza limekwenda kilomita ngapi za ofisini na ngapi za harusini. Imetazama mambo mawili tu, ukubwa wa injini na umri wa gari.

Gari lenye injini isiyozidi cc 1,000 huhesabiwa kuwa pato la Sh. 250,000 kwa mwaka. Likizidi hapo hadi cc 2,000, ni Sh. 500,000. Kutoka hapo hadi cc 3,000, ni Sh. 1,000,000. Na gari lolote lenye injini kubwa zaidi ya hapo ni Sh. 1,500,000 kwa mwaka. Hayo ni kwa gari lenye umri wa chini ya miaka mitano. Likishapita umri huo, kila kiasi hukatwa nusu. Thamani hiyo ya mwaka hugawanywa kwa miezi kumi na miwili, ikajumlishwa na mshahara wa mwezi, ndipo kodi ikakatwa. Mfanyakazi hapokei fedha hizo, lakini hutozwa kama kwamba amezipokea.

Hapa ndipo pensheni na gari vinapokutana, Ndugu Mwenyekiti. Gari linasukuma pato kwenda juu katika zile ngazi nilizozitaja. Mchango wa pensheni unalivuta pato kushuka. Yupi atashinda ni suala la mahali ambapo mshahara wako umesimama.

Mtazameni mfanyakazi wa kampuni mwenye mshahara wa Sh. 1,050,000 kwa mwezi. Ni mwanachama wa NSSF na anachangia asilimia 10, yaani Sh. 105,000. Kinachobaki ni Sh. 945,000, na kodi yake ni Sh. 114,250. Kampuni inampa gari la cc 1,800 lenye umri wa miaka mitatu. Thamani yake kwa mwezi ni Sh. 41,667. Pato lake la kutozwa kodi linapanda hadi 986,667, lakini bado liko chini ya milioni moja, bado liko katika ngazi ya asilimia 25. Kodi inakuwa Sh. 124,667. Gari limemgharimu Sh. 10,417.

Sasa tuseme mchango wake wa pensheni haukutangulia. Mshahara wake wote ungekuwa juu ya mstari wa milioni moja, na gari lote lingeangukia katika asilimia 30. Lingemgharimu Sh. 12,500. Kwa hiyo, mbali na nafuu aliyoipata katika mshahara wenyewe, mchango wake umempunguzia kodi ya gari kwa Sh. 2,083 kila mwezi, kama Sh. 25,000 kwa mwaka. Hakuomba nafuu hiyo, na pengine hata hajui kwamba anayo.

Mgeuzeni mtu huyo awe mtumishi wa shirika la umma linalofanya biashara, mwenye mshahara uleule na gari lilelile, lakini mwanachama wa PSSSF. Huko mwajiri hutoa asilimia 15 na mfanyakazi asilimia 5. Mchango wake ni Sh. 52,500, na mshahara unaobaki ni Sh. 997,500, unanusa tu mstari wa milioni moja. Ongeza gari: 1,039,167. Mstari umevukwa. Shilingi 2,500 za kwanza za gari hutozwa asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Gari linamgharimu Sh. 12,375. Watu wawili wenye mshahara mmoja na gari la aina moja wanatozwa kodi tofauti juu ya gari hilo, kwa sababu tu mmoja hutoa mfukoni mwake mchango mkubwa zaidi. Nasema haraka kwamba yule wa PSSSF hakuonewa. Mwajiri wake anamtilia akiba asilimia 15 wakati mwenzake anatiliwa 10. Nimeuleta mfano huu ili tuone kwamba kodi ya gari haihesabiwi kwa gari peke yake.

Na je, mkubwa mwenye mshahara wa Sh. 6,000,000? Anachangia NSSF Sh. 600,000, zinabaki 5,400,000. Mpeni gari kubwa, lile ambalo wananchi wamelibatiza jina la shangingi, jipya, injini ya cc 3,500 au hata 4,500. Thamani yake kisheria ni Sh. 125,000 kwa mwezi. Pensheni haimsaidii kitu katika kodi ya gari, maana yuko mbali sana juu ya mstari wa milioni moja, na atatozwa asilimia 30 achangie asichangie. Lakini hiyo asilimia 30 ni shilingi ngapi? Ni Sh. 37,500 kwa mwezi. Gari hilo bei yake ni mamia ya mamilioni ya shilingi. Mafuta yake ya wiki moja tu yanazidi kodi hiyo. Na siku litakapotimiza miaka mitano, kodi itashuka hadi Sh. 18,750.

Kumbukeni sasa kiasi nilichowaomba mkiweke akilini. Mtumishi wa kima cha chini, anayegombea daladala alfajiri, hulipa Sh. 16,400 kwa mwezi juu ya mshahara wake. Mwenye shangingi la miaka sita hulipa juu ya shangingi hilo Sh. 18,750. Simwonei wivu mwenye gari. Wapo watu ambao kazi yao haiwezekani bila ya gari la nguvu, hasa huko ambako masika hugeuza barabara kuwa mto. Lakini sheria inapomtoza mtu kwa ukubwa wa injini tu, na kufunga hesabu kwenye cc 3,000, basi imemwambia mwenye gari la kifahari kwamba akishavuka hapo achague lolote alitakalo.

Liko jambo jingine, nalo linatugusa sisi wa sekta ya umma kwa karibu. Sheria hiyohiyo inasema kwamba thamani ya gari haitajumlishwa katika pato la mfanyakazi iwapo mwajiri hakudai nafuu yoyote ya kodi kwa ajili ya kulimiliki, kulitengeneza au kuliendesha gari hilo. Wazo lake ni jema. Kampuni ikinunua gari na kulipa mafuta, kwa kawaida huzitoa gharama hizo katika faida yake kabla ya kutozwa kodi ya asilimia 30. Ikiamua kutozitoa, Hazina imekwisha kupata haki yake kwa kampuni. Kumtoza tena mfanyakazi kungekuwa ni kukamua ng'ombe mmoja mara mbili. Hadi hapo sina ugomvi.

Lakini Serikali hailipi kodi ya mapato. Haina faida ya kupunguza, haina nafuu ya kudai. Kwa hiyo sharti hilo, ambalo kwa kampuni lina gharama yake, kwa Serikali hutimia lenyewe bila ya mtu kutoa hata senti. Matokeo yake ni kwamba gari la Serikali, hata likimpeleka mkubwa shambani kwake siku ya Jumamosi, halihesabiwi kuwa pato lake. Kodi yake ni sifuri. Pensheni, ngazi za asilimia, na hesabu zote nilizozifanya hapa hazina mahali pa kushika. Nakiri kwamba nami nimefika hapa kwa gari la ofisi, na dereva ananisubiri nje.

Ili tuwe waadilifu, tuseme pia kwamba mlango huo wa msamaha haukufunguliwa kwa wenye magari tu. Posho za nyumba, za usafiri, za madaraka na za mazingira magumu, zinapolipwa kwa mtumishi wa Serikali au wa taasisi inayoendeshwa kwa ruzuku ya Serikali, nazo hazitozwi kodi. Mwalimu mkuu anayepata posho ya madaraka anaipata yote. Mwenzake wa shule binafsi akilipwa posho ya jina hilohilo, hukatwa. Basi tukisema kwamba gari la mkubwa wa Serikali litozwe, tujue kwamba kuna mtu atauliza, na posho ya mwalimu je? Mimi nina jibu langu: posho ya mwalimu mkuu na gari la mamia ya mamilioni haviwezi kupimwa kwa kibaba kimoja. Lakini swali lenyewe ni halali.

Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2022, Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, alilieleza Bunge kusudio la kuwakopesha viongozi na watumishi magari badala ya kuendelea kuwanunulia ya Serikali. Wengi walilitazama jambo hilo kwa upande wa gharama za mafuta na matengenezo. Mimi nililitazama pia kwa upande wa kodi. Mtu akiwa na gari lake, aliloliweka kwa mkopo wake, swali la marupurupu ya gari huondoka. Likibaki swali la riba, kwa kuwa mkopo wa mwajiri wenye riba ya chini nao sheria huuona kuwa ni pato, hilo ni dogo na lina hesabu zake.

Nimeona vema kutupa jicho Uingereza kidogo, kwa sababu kodi yetu ya mapato ilianzia katika sheria za kikoloni zilizofuata mfano wa huko, na pia kwa sababu suala hili la gari na pensheni limekomaa huko kuliko kwetu. Huko thamani ya gari huanza na bei yake ya dukani, ikazidishwa kwa asilimia inayotegemea moshi linaoutoa. Gari la umeme katika mwaka wa kodi wa 2025/26 hupewa asilimia 3. Magari yenye moshi mwingi hufika asilimia 37. Mwenye gari la bei kubwa na moshi mwingi hawezi kujificha.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Huko mtu anaweza, kwa hiari yake na ndani ya kikomo, kuongeza mchango wa pensheni, na mchango huo wa hiari nao humpunguzia kodi. Kule, mtu mwenye pato la zaidi ya pauni 100,000 huanza kupoteza sehemu ya pato lake lisilotozwa kodi, pauni moja kwa kila pauni mbili zinazozidi. Mara nyingi ni gari la kampuni linalomsukuma avuke mstari huo. Basi hutia fedha zaidi katika pensheni, pato lake linarudi chini ya mstari, na gari ambalo lingemtia hasara linakuwa halina madhara tena. Wanaojua hesabu hufanya hivyo kila mwaka. Kwetu nafuu imefungwa katika mchango wa lazima: ukitoa zaidi ya kile sheria inachokutaka, ziada hiyo haikupunguzii kodi. Hilo lina wema wake, kwani mwenye nacho hawezi kuitumia pensheni kama pango la kukimbilia kodi. Lina ubaya wake pia, maana mtu wa kawaida anayetaka kujiwekea akiba zaidi ya uzeeni hapati moyo wowote kutoka kwa mtoza kodi.

Ndugu zangu, hayo yote ni ya kodi. Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nilikubali ombi lenu.

Ninaye rafiki tuliyesoma naye Chuo Kikuu. Anafanya kazi ya uhasibu katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Mshahara wake ni Sh. 1,800,000. Alikuwa akitazamia nyongeza ya Sh. 300,000. Mwajiri akamwita akamwambia kwamba nyongeza haitakuwapo, badala yake atapewa gari la cc 1,800, la miaka mitatu, na mafuta ya kiasi fulani. Rafiki yangu, ambaye kwa kazi yake anahesabu fedha za watu kutwa kucha, alikuja kwangu usiku akiwa na furaha kubwa, ameliegesha nje, watoto wa mtaa wamelizunguka.

Tukafanya hesabu. Nyongeza ya Sh. 300,000 angalichangia NSSF Sh. 30,000. Zilizobaki 270,000 zingalikatwa kodi ya asilimia 30, yaani Sh. 81,000. Angalipeleka nyumbani Sh. 189,000. Kwa upande wa gari, anakatwa kodi ya Sh. 12,500 tu, na nauli, mafuta na matengenezo hayamhusu. "Unaona?" akaniambia. "Kodi elfu 81 kwa kodi elfu 12 na nusu. Na elfu 189 haiwezi kuniwekea gari barabarani." Ukitazama mwezi huo mmoja, maneno yake ni ya kweli. Sikumpinga.

Nikamwuliza: katika gari hili, mwajiri wako anakuchangia NSSF kiasi gani?

Akanyamaza. Mchango wa pensheni hukatwa katika mshahara, na gari si mshahara. Mtoza kodi analiona gari na kulipa thamani. Mfuko wa pensheni haulioni kabisa. Kwa nyongeza aliyoikosa, Sh. 30,000 za kwake na Sh. 30,000 za mwajiri hazikuingia mfukoni mwezi ule, wala hazitaingia mwezi ujao. Ni Sh. 720,000 kwa mwaka. Na ninashuku kwamba mwajiri alijua hivyo kabla ya mhasibu wake kujua.

Lakini hata hiyo si hasara yenyewe. Pensheni yetu haihesabiwi kwa kujumlisha michango kama fedha zilizomo kibubuni. Kwa kikokotoo kilichoanza kutumika Julai 2022, huchukuliwa wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu katika miaka kumi ya mwisho ya kazi, ukazidishwa kwa idadi ya miezi yote uliyochangia, kisha ukagawanywa kwa 580. Tazameni maana yake. Mshahara wa miaka ile ya mwisho haupimi miaka ya mwisho peke yake, hupima utumishi wote tangu mwezi wa kwanza. Tuseme rafiki yangu atastaafu akiwa amechangia miezi 300, na kwamba pengo hilo la Sh. 300,000 litabaki hadi mwisho, mengine yote yakiwa sawa. Zidisha 300,000 kwa 300, gawanya kwa 580. Unapata Sh. 155,172. Hiyo ndiyo pensheni ya mwezi anayoipoteza, kabla ya kutoa sehemu ya mkupuo, na kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake. Mkupuo nao utapungua, kwa kuwa unatokana na chungu hichohicho.

Na gari? Siku atakapotimiza miaka 60 atarudisha funguo.

Aliniuliza kama nataka alikatae gari. Sikumwambia hivyo, wala siwaambii ninyi. Mtu mwenye watoto wanne na kazi iliyo mbali na nyumbani ana haki ya kupanda gari. Mtu aliyebakiwa na miaka ishirini ya kazi anaweza kulipokea kwa miaka miwili mitatu, akidai nyongeza zake zirudi katika mshahara kabla hajaingia ile miaka kumi ya mwisho. Kinachotisha ni kulipokea gari katika miaka hiyo kumi, wakati kila shilingi ya mshahara inapimwa kwa ajili ya uzee. Huo ndio wakati ambao waajiri wengi hutoa magari, maana ndipo mtu anapofika cheo cha kupewa gari.

Tulikubaliana aandike barua kwa mwajiri wake: alipokee gari, lakini nusu ya nyongeza iingizwe katika mshahara. Kwa Sh. 150,000 za mshahara, angalichangia Sh. 15,000 na mwajiri Sh. 15,000, kodi ingalikuwa Sh. 40,500, na nusu ya lile pengo la uzeeni ingalizibwa. Barua imekwenda, majibu hayajaja. Gari analiendesha.

Kwa watumishi wa Serikali mliomo humu, suala hili lina sura yake. Hadi Juni 1999, mtumishi wa Serikali hakuchangia pensheni yake. Ililipwa na Hazina. Tangu Julai mwaka huo ndipo asilimia 5 ilipoanza kukatwa, na mifuko ile ya zamani, PSPF, PPF, LAPF na GEPF, ikaunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF. Wazee wetu waliostaafu kabla ya hapo hawakuhitaji kuitazama hati ya mshahara kwa macho makali. Sisi tunahitaji. Posho zenu zisizotozwa kodi zina tabia ileile ya gari la rafiki yangu: ni tamu mwezi huu, wala haziingii katika kikokotoo. Mtu anayepandishwa kwa posho badala ya ngazi ya mshahara ameongezewa chakula cha leo, na pensheni yake imebaki palepale ilipokuwa.

Ndugu Mwenyekiti, nimeziandika hesabu hizi zote katika karatasi mbili, na nimezileta nakala za kutosha ziko pale mezani pamoja na jedwali la viwango. Mwenye hati yake ya mshahara ya mwezi uliopita naomba aitoe. Tuanze na mchango wa pensheni: zidisheni mshahara kwa asilimia 5, au 10 kwa walimu wa shule binafsi, muone kama kilichoandikwa ndicho. Kisha tutaingia kwenye kodi.